Usonji Kenya na Uganda: Watu Wasio na Hesabu Wala Kiti

Mnamo mwezi Mei mwaka 2025 Rais William Ruto wa Kenya alitia saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu, nayo ikachukua mahali pa sheria ya zamani ya mwaka 2003. Mswada wa sheria hiyo ulikuwa wa Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Ni jambo la heshima kwa nchi hiyo jirani kwamba sheria ya walemavu iliandikwa na mmoja wao, wala haikuandikwa na wakubwa wanaowaonea huruma kutoka mbali. Hata hivyo sheria hiyo imelirudisha mezani swali ambalo Kenya, Uganda na Tanzania pia hazijalijibu. Swali lenyewe ni hili: je, usonji, ulemavu usioonekana kwa macho na ambao mara nyingi hauna hata sauti ya kujisemea, unastahili kuwekwa miongoni mwa mambo ya mbele katika siasa ya nchi? Au ni shida ya nyumbani, ambayo serikali yenye malaria, ukame na madeni haina nafasi nayo?

Neno lenyewe ni geni katika masikio ya wengi. Wako wasemao usonji, na wako wasemao tawahudi, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba maana ya kuwa peke yako. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa mji wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 waliofanana kwa namna ya ajabu. Hawakuwa viziwi, lakini wakiitwa hawakugeuka. Wengine walisema, lakini maneno yao yalikuwa ya kurudia yale waliyoambiwa. Walipenda kila kitu kikae mahali pake siku zote, na kikihamishwa walilia kana kwamba nyumba imebomoka. Tangu hapo elimu imepanuka, na leo yajulikana kwamba usonji una ngazi nyingi. Yuko mtu mwenye usonji aliye mhandisi hodari, ambaye majirani humwona tu kuwa ni mtu wa tabia za pekee. Yuko pia asiyesema neno hata moja maisha yake yote, ambaye lazima avishwe, alishwe na kulindwa asiingie barabarani. Wengi pia wana kifafa. Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni, na hakuna dawa ya kuiondoa. Kinachosaidia ni mafunzo, na mafunzo hufaa zaidi yakianza mapema.

Yafaa kulisema wazi jambo moja, kwa sababu limewatesa akina mama wengi. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya na Marekani walifundisha kwamba usonji huletwa na mama mwenye moyo baridi asiyempenda mwanawe. Kanner mwenyewe aliwahi kuelekea huko, na Bruno Bettelheim wa Chicago alilitangaza fundisho hilo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Aliyelivunja alikuwa mtu wa jeshi, au tuseme mfanyakazi wa jeshi. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia katika Jeshi la Wanamaji la Marekani huko San Diego, na mtoto wake mwenyewe alikuwa na usonji. Akitoka kazini alisoma kila maandishi aliyoweza kuyapata juu ya hali hiyo, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo kimo katika ubongo wa mtoto, wala si katika mapenzi ya mama. Mwaka uliofuata wazazi wa Marekani waliunda chama chao, naye akiwa kati ya waanzilishi.

Watu wa Afrika Mashariki wasijione kuwa salama na kosa hilo. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, walikuta sababu nyingi zikitajwa. Wako waliotaja majini, uchawi na laana, na wako waliotaja maradhi, shida wakati wa kujifungua na urithi wa damu. Fundisho la moyo baridi halipo hapo, lakini lawama huangukia mahali palepale. Majini yamepitia kwa nani? Laana ni ya ukoo wa nani? Mara nyingi jibu huwa ni la upande wa mama, na si mara chache baba hufunga virago akaondoka. Mama hubaki peke yake na mtoto asiyeweza kumwacha hata dakika tano kwenda kuchota maji.

Sasa na tuitazame siasa yenyewe. Siasa huendeshwa kwa hesabu. Anayehesabiwa hupewa fungu, na asiyehesabiwa hulia pembeni. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 Kenya ilihesabu watu wake, ikapata watu 47,564,296. Katika fomu ya sensa hiyo waliulizwa kama wana taabu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Ualbino nao ukapewa swali lake. Usonji haukuulizwa. Mtoto mwenye usonji, kama mzazi wake alisema chochote, aliingizwa chini ya kuwasiliana au chini ya kukumbuka. Kama mzazi aliona haya au hakujua jina la hali ile, mtoto aliandikwa mzima. Matokeo yake ni kwamba hakuna waziri mjini Nairobi awezaye kusimama Bungeni na kutaja idadi ya Wakenya wenye usonji kwa kuonyesha ukurasa wa sensa.

Lakini kukosa hesabu si kukosa watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Mtu yeyote mwenye kalamu aweza kufanya hesabu hiyo kwa Kenya ya mwaka 2019. Atapata watu zaidi ya 370,000. Hayo ni makadirio tu, wala si idadi iliyohesabiwa, lakini yanatosha kumfikirisha mtu. Kaunti ya Taita-Taveta, ile inayopakana na Kilimanjaro na inayojulikana vema kwa askari waliowahi kulinda mpaka wa Holili, ilikuwa na watu 340,671 katika sensa hiyohiyo. Kaunti hiyo ina gavana wake, seneta wake, mwakilishi wa wanawake na wabunge wanne. Ina fungu lake katika fedha za taifa, na ikipunjwa, watu saba wenye mamlaka watapiga kelele mpaka zisikike. Jamii nzima kubwa kuliko Taita-Taveta imetawanyika katika nyumba za Kenya, mtoto mmoja huku na kijana mmoja kule, nayo haina hata diwani.

Yaweza kusemwa kwamba walemavu wa Kenya wana wawakilishi wao. Ni kweli. Katiba ya mwaka 2010 iliagiza kwamba hatua kwa hatua angalau asilimia tano ya wajumbe katika vyombo vya umma wawe watu wenye ulemavu, na katika Seneti zimo nafasi mbili kwa ajili yao, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Uganda ilitangulia katika jambo hili. Katika Bunge la Kampala wamo wabunge watano wa watu wenye ulemavu, wanaochaguliwa na walemavu wenyewe, na katika Bunge hilohilo wamo wawakilishi kumi wa jeshi la nchi hiyo. Askari wa Tanzania, aliyezoea utaratibu mwingine, huenda akaushangaa mpango huo wa wanajeshi kuketi Bungeni, lakini msingi wake ni mmoja kwa makundi yote mawili. Uganda iliona kwamba yako makundi ambayo kura za kawaida za majimbo haziwezi kuyafikisha Bungeni, ikayapa mlango.

Tatizo ni kwamba mlango huo hupitwa na yule awezaye kutembea mpaka mlangoni. Kipofu huhutubia. Kiziwi huhutubia kwa alama na mkalimani akamfasiria. Mwenye kiti cha magurudumu hufanya kampeni, huomba kura na hubishana na mpinzani wake. Basi yule kijana wa miaka ishirini asiyesema, anayeziba masikio yake watu watano wakizungumza kwa pamoja, atapita mlango gani? Atawakilishwa na mama yake. Na mama yake hakuwahi kupata saa moja ya kuhudhuria mkutano, kwa kuwa hakuna wa kumwachia mtoto. Ndiyo maana vyama vya usonji katika nchi hizi ni vichache na changa. Chama cha usonji cha Kenya kiliundwa na wazazi mwaka 2003, na mwaka huohuo, pamoja na Wizara ya Elimu, kikafungua darasa katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi. Kenya ilikuwa imetimiza miaka arobaini ya uhuru. Hapa Dar es Salaam liko darasa la namna hiyo katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, na anayetaka kujua kazi ya mwalimu ni nini aende akasimame mlangoni pa darasa lile asubuhi moja tu.

Kwa askari, jambo hili si la mbali hata kidogo. Mtumishi wa kwanza wa serikali kukutana na kijana mwenye usonji aliyepotea usiku si daktari wala mwalimu, bali ni polisi wa doria. Na hebu zitazamwe dalili za kijana huyo kwa macho ya askari ambaye hakufundishwa. Aulizwa jina, hajibu: ana kiburi. Aambiwa asimame, aendelea kutembea: anatoroka. Aulizwa mara ya pili, ayarudisha maneno ya askari kama mwangwi: anadhihaki. Hamtazami askari usoni: ana jambo la kuficha. Atikisa viganja na kuyumbayumba: amevuta bangi. Ashikwa bega, apiga kelele na kusukuma: amemshambulia askari akiwa kazini. Kila mojawapo ya dalili hizo ni usonji wenyewe, na kila mojawapo machoni pa askari aliyechoka saa nane ya usiku ni alama ya mhalifu. Tena ziongezwe taa za gari na king'ora. Kwa wengi wenye usonji sauti kali huumiza masikio kama moto unavyoumiza ngozi, hivyo kile kilichokusudiwa kumtuliza mshukiwa humtia wazimu wa hofu.

Haya si mambo ya kubuni. Mwezi Julai 2016 katika mji wa North Miami, Marekani, mtu mzima mwenye usonji alikuwa ameketi barabarani akiwa ameshika gari la kuchezea. Mtu fulani alipiga simu polisi akisema ameona mtu mwenye bunduki. Mtumishi aliyekuwa akimtunza alilala chali, akainua mikono yote miwili juu, akawaambia polisi kwamba kile ni kitu cha kuchezea. Polisi mmoja alifyatua risasi, ikampata mtumishi yule mguuni. Chama cha polisi kilisema baadaye kwamba aliyelengwa hakuwa yeye, bali yule mwenye usonji. Tarehe 30 Mei 2020 mjini Jerusalem, Mpalestina mwenye usonji, mtu wa miaka 32, alikuwa akienda kwa miguu kwenye kituo chake cha mafunzo, njia aliyoizoea. Polisi wa mpakani wa Israeli walimwamuru asimame, akakimbia, wakamwua kwa risasi, huku mwanamke aliyekuwa akimfundisha akipaza sauti kwamba ni mlemavu. Polisi aliyeshtakiwa aliachiliwa na mahakama mwaka 2023.

Katika miji ya Afrika Mashariki kuna hatari nyingine, nayo inajulikana sana na askari wa vituo vya mjini. Ni ile inayoitwa katika taarifa za polisi wananchi wenye hasira kali. Kijana aingiaye uani kwa watu bila hodi, kwa kuwa ameona bomba la maji na maji humvuta, akiulizwa na asijibu, huitiwa mwizi. Baada ya hapo dakika ni chache. Askari anayefika wakati huo ndiye serikali yote kwa kijana huyo, na kama naye haelewi anachokiona, hakuna mwingine.

Wako askari watakaosema: kama kila asiyejibu ataambiwa ana usonji, wahalifu watakamatwaje? Ni swali la haki. Jibu lake ni kwamba hakuna anayetaka mhalifu aachwe. Mtu asiye na silaha aliyezungukwa hapotezi chochote kwa kungojewa dakika kumi, na askari pia hapotezi. King'ora kizimwe. Askari mmoja aseme, wengine wanyamaze. Maneno yawe machache na ya wazi: keti hapa, badala ya swali refu lenye matusi ndani yake. Apewe muda wa kujibu, maana baadhi yao huchukua muda mrefu kulipokea neno. Asishikwe ila kwa lazima. Mifuko itazamwe kama ina kadi au namba ya simu ya ndugu. Akipelekwa kituoni, asichanganywe na mahabusu wengine. Mafunzo hayo yaweza kutolewa chuoni kwa nusu siku, na hayana gharama ya kununua chombo chochote. Kama kweli Kenya na Uganda, na Tanzania pamoja nazo, zinataka kujua mahali pa kuanzia, pa kuanzia ni hapo.

Sasa kuna hoja ya fedha, na hiyo haipaswi kupuuzwa. Wapinzani husema usonji ni jambo la nchi tajiri. Husema mtoto wa kijijini anakufa kwa malaria na kuhara, basi iweje wizara ishughulikie mtoto asiyependa kutazamwa usoni? Hoja hii ina sura ya hekima, lakini imekosea mahali pawili. Kwanza, usonji haukuja na utajiri. Katika miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizunguka katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, akitazama watoto waliokuwa katika vituo vya wenye ulemavu wa akili, na watoto wenye usonji aliwakuta. Walikuwapo kabla ya kuwapo jina. Pili, hoja hiyo hudhani kwamba kutofanya kitu hakuna gharama. Gharama ipo, ila hailipwi na Hazina. Hulipwa na mama aliyeacha kazi au shamba, na dada aliyeacha shule kumlinda ndugu yake. Kenya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zinazotunza mtu mwenye ulemavu mkubwa. Serikali yastahili sifa kwa kuanza, maana nchi nyingi hazitoi hata hizo. Lakini fedha hizo zikigawanywa kwa siku 30 ni shilingi 66 hivi kwa siku, na kwa mama wa Nairobi hazimfikishi yeye na mtoto wake darasani kwa matatu na kuwarudisha.

Tena sehemu kubwa ya kinachotakiwa kimekwisha kujengwa. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, Kenya ilianza vituo vya kupima watoto wenye ulemavu na kuwashauri wazazi, na mwaka 1986 ikaunda chuo cha walimu wa elimu maalumu. Muuguzi wa kliniki humwona mtoto kila anapoletwa kupimwa uzito na kuchanjwa, na katika kitabu cha mama na mtoto umo ukurasa wa hatua za ukuaji. Akiitwa jina lake hugeuka? Huonyesha kitu kwa kidole? Maswali mawili hayo huchukua muda mfupi kuliko kufunga na kufungua mizani. Kinachokosekana ni amri kutoka juu kwamba yaulizwe, na njia ya kumpeleka mtoto mbele jibu likiwa hapana. Amri kutoka juu ndiyo siasa yenyewe.

Hata hivyo iko tahadhari, maana yako mataifa yaliyoupa usonji nafasi ya mbele na mambo yakaenda kombo. Bangladesh, nchi isiyo tajiri, iliitisha mkutano mkubwa wa usonji mjini Dhaka mwaka 2011, na mwaka 2012 ikaongoza azimio juu ya usonji katika Umoja wa Mataifa. Nguvu ya kazi hiyo ilikuwa Saima Wazed, binti wa Waziri Mkuu Sheikh Hasina. Mambo mengi mema yalifanyika, na mwaka 2013 ikapitishwa sheria ya kuwalinda wenye ulemavu wa namna hiyo. Lakini jambo lilipokuwa la nyumba moja, liliegemea nyumba hiyo. Mwezi Agosti 2024 Hasina aliangushwa akakimbilia India, na mwaka uliofuata binti yake, aliyekuwa amepewa cheo kikubwa katika Shirika la Afya Duniani, aliwekwa likizo kwa sababu ya mashtaka ya rushwa yaliyofunguliwa nyumbani. Mtoto asiyesema wa Dhaka hakuwa na hatia yoyote katika ugomvi huo.

Marekani nayo imetoa somo baya zaidi. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza alichapisha maandishi yaliyohusisha chanjo ya surua na usonji. Yalikuja kuonekana kuwa si ya kweli, gazeti la kitabibu likayafuta mwaka 2010, na daktari akaondolewa katika daftari la madaktari. Lakini uvumi haukufutika, na surua ikarudi mahali ilipokuwa imesahauliwa. Halafu mwezi Septemba 2025 Rais Donald Trump aliwaambia wanawake wajawazito waepuke parasetamoli, akiihusisha na usonji, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kueleza kwamba ushahidi wa uhusiano huo haujathibitika. Kauli ya namna hiyo haikai Washington. Hufika kwa simu ya mkononi mpaka kwa mjamzito wa Mbale au Kisii mwenye homa, na mpaka kwa baba anayefikiri kumzuia mtoto wake asichanjwe. Hapo mwanasiasa ameupa usonji nafasi ya kwanza, na mtoto mwenye usonji hakupata kitu, bali watoto wengine wamewekwa hatarini.

Uingereza ilichukua njia ya tatu. Mwaka 2009 ilipitisha sheria ya usonji peke yake kwa ajili ya England tu. Sheria ni nzuri, lakini mwaka 2024 zaidi ya watu 200,000 walikuwa katika foleni wakingoja kupimwa. Hivyo hata sheria ya peke yake haitoshi pasipo watu wa kuitekeleza, na ni shaka kama Kenya ingefaidika kwa kutunga nyingine juu ya ile ya mwaka 2025. Inayofaa ni ile iliyopo itimizwe, na usonji utajwe kwa jina lake katika kanuni, katika bajeti na katika mitaala ya vyuo, pamoja na vyuo vya polisi.

Liko jambo la mwisho linalowahusu askari kama wazazi. Kama makadirio ya mmoja kati ya 127 ni sawa, basi katika kila kambi kubwa na kila kota ya polisi, iwe Gilgil, Jinja au Arusha, wamo watoto wa namna hii. Na maisha ya askari yana jambo moja ambalo mtoto mwenye usonji hulivumilia kwa taabu kuliko mengine yote, nalo ni uhamisho. Askari huambiwa wiki mbili kabla kwamba anahamia mkoa mwingine. Mtoto aliyechukua miaka mitatu kuizoea njia ya kwenda shule, mlango wake na mwalimu wake, huamka mahali ambapo hakuna hata kimoja cha hivyo, na mara nyingi mahali ambapo darasa la namna yake halipo kabisa. Wako wakuu wa vikosi wanaolielewa jambo hilo, wakampanga askari karibu na shule. Wako wengine wanaosema kazi ni kazi. Askari mwenyewe mara nyingi hasemi neno, kwa kuogopa kwamba wenzake watamcheka au watasema nyumba yake imerogwa. Basi jina la mtoto huyo halimo katika faili la baba yake, kama lisivyokuwamo katika sensa.

Tanzania, ambayo ilitunga sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka 2010, ina sababu ya kuitazama Kenya kwa makini katika miaka michache ijayo. Kenya huhesabu watu wake kila baada ya miaka kumi, hivyo sensa ijayo itakuwa mwaka 2029, na maswali ya fomu hupangwa mapema. Swali moja juu ya usonji, pamoja na makarani waliofundishwa namna ya kumwuliza mama bila kumwaibisha, lingewawezesha wabunge wa Nairobi kujua wanazungumzia watu wangapi, na wako wapi, kuanzia Taveta mpaka Turkana.